Tongoni ya Mtangata na Kigae cha Kijani

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba makala kwa ajili ya mkutano wa wahitimu wa mwaka huu, alinitaka niandike "chochote cha zamani". Nadhani alitarajia habari za bwenini, maharage yenye wadudu na mwalimu wa zamu. Hayo wenzangu watayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimeamua kuandika juu ya kijiji kimoja kilicho mwendo mfupi tu kutoka shuleni kwetu, ambacho wengi wetu tulikitembelea mara moja, tukiwa juu ya lori, kisha tukakisahau kabla hatujarudi kula chakula cha jioni. Kijiji hicho ni Tongoni.

Ninayo sababu ya kukichagua. Katika safari ile nilifanya jambo ambalo sikumweleza mtu yeyote kwa karibu miaka thelathini, nami nitalieleza hapa, baada ya kwanza kueleza mahali penyewe ni pa namna gani. Kwa ninyi vijana mnaosoma shuleni hivi sasa, nawaombeni mvumilie historia kidogo.

Tulikwenda mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Historia alikuwa amechoka kutufundisha miji ya pwani ubaoni, akaazima lori, akatupakia sote kama magunia ya nazi. Barabara ya Pangani siku hizo ilikuwa ya vumbi tupu. Kushoto na kulia ilikuwa minazi, kisha mashamba ya mkonge, kisha minazi tena. Kutoka Tanga mjini ni kilometa kama 17 kuelekea kusini, na hata hivyo tulifika tumebadilika rangi. Tulishuka, tukapita njia ya miguu kuelekea baharini, na mara tukaziona nguzo zimesimama katikati ya majani, nyingine zimeegama, nyingi zimelala chini vipande vipande.

Alikuwapo mzee mmoja, amevaa kikoi na kofia ya kiua, akifagia kati ya makaburi kwa ufagio wa chelewa. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu." Kisha akasema neno ambalo sikulitia maanani siku ile: "Hapa watu huja kuacha kitu. Hawaji kuchukua." Tulidhani anaomba hela ya tumbaku.

Jina la kijiji lina maana iliyo wazi kwa Mswahili yeyote. Tongo ni mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha pakahamwa. Tongoni, basi, ni penye matongo, yaani penye mahame. Kwa hiyo jina hili haliwezi kuwa ndilo walilolitumia wale waliojenga, kwani hakuna mtu anayejenga msikiti wa mawe akauita mji wake gofu. Ni jina walilolitoa watu waliokuja baadaye, wakakuta kuta zimekwisha kuanguka. Jina la zamani la upande huu ni Mtangata, na mpaka leo ghuba iliyo mbele ya kijiji huitwa hivyo.

Mji ulistawi hasa katika karne ya 14 na ya 15. Kilichobaki ni gofu la msikiti na makaburi yapata 40 yanayouzunguka. Katika pwani yetu yote, kuanzia Somalia mpaka kusini, makaburi yenye nguzo yako mahali pengi. Lakini wataalamu wa mambo ya kale wanasema hakuna mahali penye makaburi ya nguzo mengi pamoja kama hapa. Mtu husafiri mpaka Kilwa kuyaangalia magofu, na afanye hivyo, maana Kilwa ni Kilwa. Lakini sisi tuliosoma Tanga tulikuwa na jambo hili mlangoni petu.

Msikiti haukuwa mkubwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Mihrabu ndiyo sehemu inayomfanya mtu asimame kimya. Imeelekea kaskazini, kwa kuwa kwa mtu wa pwani yetu Makka iko kaskazini. Mawe ya kuizungushia mihrabu yalichongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini yangali mabichi, kwa sababu yakikaa juani hukakamaa na patasi haiyawezi tena. Fundi alilazimika kuchonga upesi, na mistari yake imenyooka. Wakati wa safari yetu ya shule nilimsikia mwenzangu mmoja akiuliza, "Hawa walikuwa na rula?" Mwalimu akamjibu kwamba walikuwa na uzi na macho, vitu ambavyo hata yeye muulizaji anavyo.

Chokaa nayo ina kazi yake. Hukusanywa mawe ya matumbawe, hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo, huchomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha huachwa yapigwe na mvua na umande kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Paa la nyumba za mawe lilibebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba vingi vya majumba ya kale ya pwani ulitegemea urefu wa boriti hizo, ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Mikoko ingalipo Tongoni, mtu anaiona akisimama makaburini na kutazama upande wa maji.

Sasa nije kwenye makaburi yenyewe. Kaburi la nguzo ni ukuta mfupi wa pembe nne uliozungushwa mahali alipolazwa marehemu, umepambwa kwa miraba iliyochongwa, na upande mmoja imesimamishwa nguzo ndefu ya mawe na chokaa. Kwenye nguzo, na mara nyingine kwenye ukuta wa kaburi, mafundi walipachika bakuli na sahani zilizotoka ng'ambo: za Kichina za rangi ya kijani kama maji ya bahari penye kina kifupi, na nyingine za kutoka nchi za Ghuba. Bakuli hizo zilisafiri kutoka China hadi India, kutoka India hadi Arabuni na Uajemi, kisha zikashuka na kaskazi mpaka Mtangata. Chombo kilichokuja na kaskazi kati ya Desemba na Machi kilisubiri kusi ndipo kirudi, kimepakia pembe za ndovu, boriti, ambari na vitu vingine vya kwetu. Tajiri aliyemwekea baba yake bakuli kaburini alikuwa amelipa bei yake kwanza.

Leo bakuli hazipo. Yapo matundu tu, ya mviringo, mahali zilipokuwa. Katika nguzo zilizosimama matundu hayo yanaonekana vizuri sana, na chokaa ndani yake bado imehifadhi umbo la kitako cha bakuli. Mwalimu alitueleza kwamba baadhi zilianguka zenyewe, lakini nyingi zilibanduliwa na wageni, miaka nenda miaka rudi, kila mmoja akichukua moja tu.

Kabla ya kuendelea na hayo, lazima niwaeleze habari za machungwa, kwa sababu ndizo nilizozipenda kuliko zote nilipokuja kuzisoma Chuo Kikuu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alikuwa akipanda na pwani yetu kuelekea Mombasa. Usiku, karibu na alfajiri, merikebu yake moja iliyoitwa São Rafael ilipanda mwamba mbele ya Mtangata. Maji yalipokupwa ikabaki juu, imekauka. Mmoja wa wasafiri aliandika kumbukumbu za safari ile, nazo zimebaki hadi leo. Anaeleza milima mirefu ya kupendeza iliyoonekana bara, nao wakaipa jina la merikebu yao. Milima hiyo ni Usambara, ambayo bila shaka ilikwisha kuwa na jina lake. Na wakati Wareno wakihangaika na nanga zao, vikaja vyombo viwili vidogo kutoka pwani, kimojawapo kimejaa machungwa. Mwandishi anakiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko machungwa ya Ureno.

Hebu fikirini hali hiyo. Watu wa pwani wameamka asubuhi, wameona chombo kigeni kimekwama, na jambo la kwanza walilolifikiria ni kupeleka matunda. Tunafundishwa, na ni kweli, kwamba mahindi na muhogo vilitujia kutokana na safari za Wareno. Machungwa hawakutuletea wao. Kwa hiyo mtu anayenunua machungwa ya Muheza stendi ya basi anajua sasa kwamba biashara hiyo upande huu ina zaidi ya miaka 500. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, na watu wawili wa pwani walibaki ndani yake wakafuatana nao hadi Mombasa.

Januari 1499, Wareno walirudi kutoka India wakiwa na hali mbaya. Wengi wao walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakarudi mahali pale pale, wakahamisha mali kutoka São Rafael, na wakaichoma moto. Walikaa kwa muda wa siku 15 hivi. Watu wa mji waliwaletea kuku, wakabadilishana kwa mashati na bangili. Hiyo ndiyo merikebu ya kwanza ya Kizungu kuishia katika maji ya Tanga, na iliishia kwa mkono wa wenyewe.

Baada ya hapo habari za mji zinakuwa chache. Biashara ya pwani iligeuzwa na Wareno kwa mizinga na kodi, miji mingi midogo ikadhoofika, na Mtangata ukawa mmoja wao. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 18 walikuja wahamiaji kutoka Kilwa, wakapaita Sitahabu, na maana yake wanasema ni "afadhali hapa kuliko kule". Jina hilo halikudumu. Lakini naona lilikuwa jina zuri kwa mtu aliyekimbia kwao.

Mwaka 1857 alifika Mwingereza Richard Burton, akiwa pamoja na Speke, kabla ya safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika. Aliandika juu ya magofu haya, na anataja kigae kilichong'arishwa chenye maandishi ya Kiajemi. Kwa kigae hicho kimoja, nadhani, wasomi wengi wa wakati wa ukoloni walipata nguvu ya kusema kwamba mji mzima ulijengwa na Waajemi. Kigae hakijengi mji. Hata mimi nyumbani nina kikombe kilichoandikwa Kichina.

Hapa ndipo wanafunzi wa leo mna bahati kuliko sisi. Sisi tulifundishwa mambo mawili yaliyopingana, kwa kadiri ya kitabu alichokishika mwalimu. Kitabu kimoja kilisema Washirazi walikuja na jahazi zao wakaijenga miji yote, sisi tukitazama. Kingine kilisema hadithi ya Washirazi ni uongo mtupu, ilitungwa ili watu wajipatie ukubwa. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka katika mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwamo Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na upande wa mama karibu wote ni wa hapa hapa. Upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Kumbe wazee waliosema "babu yetu alitoka Shirazi" hawakuwa waongo, na waliosema "hawa ni watu wa hapa" hawakukosea. Babu alikuja na jahazi, akaoa, na watoto wakasema lugha ya mama yao. Lugha hiyo ndiyo ninayoiandika sasa.

Nirudi kwenye siku ile ya mwaka 1996. Mwalimu alipokuwa akieleza habari za mihrabu, mimi nilikuwa nyuma, nimechuchumaa chini ya nguzo iliyoanguka. Nikaona kitu cha kijani katikati ya vumbi la chokaa. Kilikuwa kipande cha bakuli, ukubwa wake kama vidole viwili vya mtu mzima, upande mmoja kimekatika vibaya, upande wa pili kina mkunjo wa mdomo wa bakuli. Nilikisugua kwenye kaptula, kikang'aa kama kimetoka dukani jana. Nikakitia mfukoni. Yule mzee mwenye ufagio alinitazama. Mpaka leo sijui kama aliona.

Kigae hicho kilikaa kwenye sanduku langu la bati mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Kilikwenda nami kidato cha tano na cha sita, kikafika Mlimani, na nilipoajiriwa serikalini kikakaa kwenye droo ya meza yangu, nikikitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni. Watu wakiniuliza nilisema ni kigae cha zamani nilichorithi. Nilikuwa nimekwisha kusoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na marekebisho yake ya mwaka 1979, nikijua fika kwamba kitu cha namna hiyo hakichukuliwi mfukoni. Ni aibu kwa mtumishi wa umma kukiri hivi kwa maandishi, na wenzangu wa ofisini wakilisoma jarida hili wataelewa kwa nini droo ile siku hizi ina jiwe la kawaida.

Mwaka jana nilipata likizo, nikaja Tanga kumjulia hali mama mkubwa, na Jumatano moja asubuhi nikapanda gari la Pangani nikiwa na kigae nimekifunga kwenye leso. Kijiji kimekua. Tongoni sasa ni kata ndani ya Jiji la Tanga, ingawa mtu akisimama pwani, akaona ngalawa zimeegeshwa na wanawake wakirudi na ndoo za dagaa, hatalifikiria jiji. Maji yaliyo mbele yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa sababu ya samaki yule wa kale, ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka tangu zamani za mijusi mikubwa, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimpata katika nyavu zao. Wavuvi wa hapa hawakushangaa sana. Samaki hana mafuta mazuri, walisema.

Makaburini nguzo zilizosimama zilionekana chache kuliko nilivyokumbuka, lakini huenda ni mimi niliyekuwa mfupi zamani. Majani yalikuwa yamefyekwa. Kwenye kaburi moja palikuwa na ubani uliochomwa karibuni, kitambaa cheupe, na chupa ya maji ya waridi. Watu bado wanakuja hapa na haja zao, wenye kutafuta mtoto, wenye mgonjwa, wanafunzi kabla ya mitihani. Wapo wanaosema jambo hilo si sawa katika dini, na mabishano hayo siyaingilii. Ninachosema ni kwamba wanaokuja kuomba hawajabandua hata bakuli moja.

Yule mzee alikwisha kufariki. Nilimkuta kijana mmoja anayeangalia mahali hapo, umri wa mwanangu mkubwa. Nikamwamkia, nikamfungulia leso. Hakunikemea. Aliniita mzee, jambo lililoniuma kidogo, akaniuliza maswali mawili.

"Ulikichukua lini, mzee?"

"Mwaka 1996."

"Kaburi lipi?"

Nikageuka kutazama. Nilikwenda kwenye nguzo iliyoanguka karibu na ukuta wa msikiti, nikadhani ndiyo. Kisha nikaona nyingine iliyoanguka nyuma yake, nayo ilifanana. Nikazunguka karibu nusu saa, nikichuchumaa hapa na pale kama nilivyofanya nikiwa na miaka 16, kijana akinifuata na daftari lake. Kumbukumbu niliyokuwa nayo ilikuwa ya rangi ya kigae tu. Mahali pake nilikuwa sijawahi kupatazama.

Akanieleza kwa upole kwamba kigae kikiwa mahali pake, mtaalamu anaweza kulijua kaburi ni la miaka gani, na akilijua kaburi, atajua kidogo juu ya aliyezikwa ndani yake. Kikitoka, kinabaki kuwa kigae cha kijani. Akaandika kwenye daftari tarehe, jina langu, na maneno haya: "Kipande kimoja, kijani, cha mdomo wa bakuli. Kaburi halijulikani." Nikatia sahihi chini yake. Katika kazi yangu nimetia sahihi karatasi nyingi sana, lakini hiyo niliisoma mara mbili.

Nimekumbuka jambo moja ambalo huenda likasaidia. Siku ile ya mwaka 1996 mmoja wetu alikuwa na kamera ya filamu, na tulipigwa picha ya pamoja mbele ya makaburi, mimi nikiwa nyuma kabisa, karibu na mahali nilipookota. Aliyekuwa na kamera, au mwenye nakala ya picha hiyo kwenye albamu, tafadhali aje nayo kwenye mkutano. Na kama yuko mwingine ambaye siku ile, au siku nyingine yoyote, alitia kitu mfukoni, nitakuwapo Jumamosi na Jumapili, na gari la Pangani linaondoka mjini asubuhi. Tunaweza kwenda pamoja.